Mkia wa Zelabia

Siku ile naikumbuka kwa pua kabla sijaikumbuka kwa macho, mwanangu. Harufu ya iliki, harufu ya mafuta ya alizeti yanayoanza kupata moto, na moshi wa mkaa uliokuwa bado na unyevu. Ilikuwa siku ya mwisho ya Ramadhani, uani kwetu Gongoni, hapa hapa Tabora. Mwaka ule tulikuwa tumetimiza thelathini, kwa hiyo hapakuwa na yale mabishano ya mwezi umeonekana wapi na kauona nani. Kesho Idi, basi.

Najua utacheka. Mama gani huyu anatoa nasaha na kichwani hana mvi hata moja? Wewe mwenyewe sasa hivi umelala mgongoni kwangu ndani ya kanga, unanilowesha bega kwa mate, na neno unalolijua ni "mama" tu, nalo unamwita kila mtu mpaka jogoo wa jirani. Lakini nimeona watu wanangoja mpaka wazeeke ndipo waseme, na wengine wakifika huko wameshasahau walichotaka kusema. Mimi nasema mapema. Utakapokua utasoma. Na kama mtoto wa mwenzangu atasoma pamoja nawe, huyo naye ni mwanangu, avute mkeka akae.

Zelabia wewe utazijua kwanza kutoka uwanja wa sikukuu, kama watoto wote. Siku ya Idi mtavaa nguo mpya na miwani ya plastiki, mtapanda pembea zinazolia kama mlango usiotiwa mafuta, na pembeni pale atakuwepo mtu na karai lake anamimina unga mwepesi kwenye mafuta, duara juu ya duara, mpaka inatokea kitu kama kamba iliyokunjwa. Anaichovya kwenye shira ya sukari, anakupa kwenye kipande cha gazeti. Rangi yake ya chungwa inabaki kwenye vidole mpaka jioni. Ni tamu, sikatai. Kwenye sikukuu hata maji ni matamu.

Lakini kwetu zelabia zilikuwa za nyumbani kabla hazijawa za uwanjani. Bibi yangu mzaa mama, Bibi Zuwena, ndiye aliyezipika. Baba yake alikuwa Mwarabu muuza nguo wa hapa mjini, mama yake Mnyamwezi wa Bukene, na yeye alipenda kusema kwamba zelabia zilikuja Tabora kwa miguu, pamoja na misafara, vichwani mwa watu waliotembea kutoka pwani. "Wenzetu walileta shanga," alikuwa akisema, "sisi tukaleta cha kuwafariji waliouziwa shanga." Kama ni kweli au ni maneno yake tu, sijui. Bibi alikuwa na maneno mengi, na yote aliyasema akiwa na uso mkavu.

Mtaani kwetu kulikuwa na desturi, na ipo bado. Futari ya mwisho wa mfungo, kabla adhana ya Magharibi haijalia, sahani zinatoka. Kila nyumba inapika chake, inafunika kwa kawa, inapeleka kwa jirani, awe amefunga au hakufunga, awe wa msikitini au wa kanisani. Sahani haisemi imetoka wapi, wala haina haja. Ukifunua kawa unajua. Zelabia za Mama Rukia wa kona zilikuwa nene kama kamba ya kufungia ng'ombe. Za mke wa fundi baiskeli zilikuwa nyembamba, ukizitazama vibaya zinavunjika. Na za Bibi yangu zilikuwa na mkia. Duara likishakamilika, unga ulitoka nje kidogo ukajikunja, mkia mdogo mwembamba uliokauka kuliko sehemu nyingine zote. Watoto tulikuwa tunagombania mkia. Ukisema Gongoni "zelabia ya mkia", hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Aliyefunga haonji. Unapika kwa pua na kwa masikio, chumvi unaikadiria, sukari unamwachia Mungu. Sasa Bibi alikuwa na dawa ya hilo, na dawa hiyo ilikuwa Mzee Maganga, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mkristo, aliyefanya kazi reli mpaka akastaafu. Kila mwaka zelabia ya kwanza ilipelekwa kwake. Anakula, anafuta sharubu, anatoa hukumu. "Mimi nina thawabu zangu," alikuwa akisema. "Nyinyi mnafunga, mimi nawaonjea. Tutakutana huko huko."

Basi mwaka huo ninaousema, mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Matokeo yalikuwa yametoka, na hayakuwa matokeo ya kumpeleka mtu mahali. Sikulia sana. Nilikuwa na ndoto zangu nyingine, ndoto kumi kwa siku, Mama alisema ningeweza kuziuza kwa fungu pale sokoni. Lakini kitu kimoja kilikuwa kinanikaa moyoni kuliko matokeo. Mkono wa Bibi ulikuwa umeanza kutetemeka.

Niliuona wakati wa futari. Alikuwa anatupakulia uji kwa upawa, na upawa ukawa unagonga kikombe, tik tik tik. Akashika kwa mikono miwili. Siku zilizofuata Mama akawa anawahi kuushika upawa kabla yake, na Bibi akawa anaachia. Sasa, mwanangu, zelabia haitaki nguvu. Inatumia kifuu cha nazi kilichotobolewa tundu chini, unakijaza unga, kidole kimoja kinaziba tundu. Ukiachia kidole unga unashuka, nawe unauzungusha mkono. Mkono ukitetemeka, huna duara. Una matone.

Asubuhi ya siku ile ya mwisho Mama alifunga mkoba akisema anakwenda kwa fundi cherehani kufuata nguo za watoto. Mlangoni akageuka.

"Mama, mwaka huu tupumzike. Kesho tutanunua zelabia uwanjani, watoto wanazipenda zile za rangi."

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda anaosha kile kifuu chake. Kilikuwa cheusi, kimeng'aa kwa mafuta ya miaka. Aliendelea kukiosha, anakigeuza, anapitisha maji kwenye tundu, anakigeuza tena. Mama akaondoka na bajaji. Bibi akakikausha kwa ncha ya mtandio, akakiweka juu ya mtungi, akaingia ndani. Baadaye, baada ya sala ya Adhuhuri, akalala.

Mimi nilisimama pale uani nikakitazama kifuu. Nilidhani nimeelewa. Nilidhani bibi yangu alikuwa anakiaga.

Moyo wangu ni laini, nimezaliwa nao hivyo, nikiona kifaranga kimepotea najisikia kulia. Nikawaza sahani za mtaa mzima zitoke, ya kwetu isitoke. Watu waulize, wajue kuwa mkono wa Bibi Zuwena umekwisha, waanze kumsemea kwa sauti ya chini kama anayeumwa. Nikasema hapana. Nitazipika mimi, nitazitia mkia, nitasema ni za Bibi. Nani atajua?

Unga nilikuwa nimeshaukoroga alfajiri kwa matumaini tu, maana ndoto zangu huwa zinaamka mapema. Unga wa ngano, unga wa dengu kidogo wa kuufanya ukauke vizuri, mtindi, hamira, iliki iliyotwangwa. Ulikuwa umeumuka, unapumua juu juu kama mtoto mwenye usingizi. Asali ilikuwepo, mjomba wangu wa Kigwa alikuwa ametutumia dumu dogo kwa treni. Nikawasha jiko, nikachemsha shira, nikabandika karai, nikachukua kifuu kwa mkono wa kulia.

Hapo niseme jambo. Mimi ni mashoto. Nilipokuwa mdogo nilishika kila kitu kwa kushoto, kijiko, fimbo, sikio la paka. Bibi ndiye aliyenirudi. Kila nikinyoosha mkono wa kushoto kwenye sahani alikuwa akiugonga polepole kwa kidole: "Huo si wa chakula, Hawa." Nikakua nikijua kwamba jikoni ni mkono wa kulia, mwanzo mpaka mwisho. Na mkono wangu wa kulia, mwanangu, ni mkono mzuri, mtiifu, lakini haujui njia.

Zilitoka za ajabu. Duara zilikuwa zinagongana kama abiria wanaogombea dirisha. Mafuta nayo niliyaharakisha, nje yanachoma, ndani unga umekaa mbichi. Na mkia sikuupata kabisa, kwa hiyo nikawa nauongeza baadaye, nadondosha unga pembeni mpaka unashikana. Ukatokea mkia mnene kama kidole gumba. Nilikuwa nimefunga, sikuweza kuonja. Nilizitazama kwa jicho la upendo tu, na jicho la upendo ni kipofu tangu zamani. Nikachagua moja iliyokuwa na nafuu, nikaichovya, nikaipeleka kwa Mzee Maganga.

"Hodi. Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nilishaanza kudhani mmepata mwonjaji mwingine kijana."

"Bibi anakusalimu. Anasema onja."

Aliipokea kwa mikono miwili kama kawaida yake. Akautazama ule mkia, akaugeuza, akauma. Nikaona taya zinakwenda, zinakwenda, zinasimama. Akameza kama mtu anayemeza kidonge.

"Bibi yako yuko wapi?"

"Amelala, amepumzika."

"Amepumzika," akarudia taratibu. Kile kipande kilichobaki hakukitupa, alikiweka dirishani kwa adabu. "Mwambie pole. Mwambie Maganga amesema pole sana."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu ilikuwa na urefu wa ukuta mmoja. Nilirudi, nikaendelea kukaanga, nikijiambia labda amesema pole kwa sababu ya saumu. Sikumaliza hata kujidanganya vizuri. Nikasikia fimbo yake langoni.

"Hodi wenyewe."

Alikuwa amevaa koti. Lile koti la reli lenye vifungo vya shaba, alilolivaa msibani na hospitalini tu. Mkononi ameshika papai bivu. Bibi akatoka ndani, mtandio umekaa upande kwa usingizi.

"Karibu, Maganga. Koti hilo, nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

Mzee akanitazama mimi, akamtazama Bibi, akaona ameshaingia mtoni na kurudi ni mbali. "Ya mkono, Zuwena. Nimekula zelabia zako tangu mke wangu yuko hai. Ile uliyoniletea leo nimeimeza kwa heshima tu."

Bibi akageuka akaliona karai. Akaona sinia, na zile zelabia zangu zimelaliana na mikia yao. Alikuja, akachukua moja, akaipeleka karibu na sikio akaivunja. Zelabia nzuri inalia, mwanangu, inasema kach. Ile haikusema neno. Ilijikunja tu.

"Hii haikulia," akasema. Akaiweka chini. "Hawa. Jina langu limekwenda kwa jirani na mimi nimelala. Nani amelituma?"

"Mimi, Bibi."

"Likasemaje huko?"

Machozi yalikuwa karibu. Nikasema nilitaka watu wasijue.

"Wasijue nini?"

Hilo ndilo sikuweza kulisema. Basi alilisema yeye. Alinyoosha mkono wake wa kulia mbele ya Mzee Maganga, akauacha utetemeke pale kwenye jua, bila kuushika, bila kuuficha kwenye mtandio.

"Wasijue hii? Mkono huu umelea watoto wangu na wa wenzangu. Umemwosha mama mkwe wangu alipokuwa hajiwezi. Umelisha mtaa huu. Umechoka kwa kazi, haukuchoka kwa wizi. Mimi nauficha wa nini?"

"Nilikuona asubuhi unakiosha kifuu," nikasema. "Nilidhani unakiaga."

Hapo uso wake mkavu ukavunjika kidogo.

"Nilikuwa nakiosha nikupe wewe, mjinga wangu. Unga umeukoroga alfajiri, nimekusikia ukiukoroga, nikasema leo atakuja kuniomba kifuu. Nimeingia ndani nimelala jicho moja nakungoja. Hukuja. Ukakichukua kama cha kuazima."

Mzee Maganga akakohoa. "Wazee wana msemo, mjukuu wangu. Ukimwiga tembo... basi, utaumalizia mwenyewe. Huu ni mwezi mtukufu."

Bibi akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka huku nalia, kitu ambacho nakifanya mpaka leo.

Kisha akaketi kwenye kigoda akaniita karibu. Akanionyesha kidole chake cha shahada, kile cha kuzibia tundu. Nilikuwa nimekiona maisha yangu yote, sikuwahi kukitazama. Kilikuwa hakikunjiki vizuri kwenye kiungo.

"Nilipoletwa kwenye nyumba hii bi harusi, kidole hiki kilikuwa kimepigwa na shoka, napasua kuni kwetu. Kikapona kigumu. Nikimaliza duara nataka kuziba tundu, kidole kinachelewa. Unga unatoka kidogo. Mama mkwe wangu akasema zelabia zangu zina mkia kama mjusi, akawaita majirani waje kuona. Nililia. Nikajaribu kufanya kama zake, nikashindwa. Watoto wakaanza kuugombania mkia, maana ndio unaokauka vizuri. Mwaka wa pili mama mkwe mwenyewe akasema, Zuwena, hiyo yenye mkia niwekee mimi." Akanitazama. "Mkia ule ni kidole changu, Hawa. Wewe kidole chako kizima. Unautafuta mkia wa nini?"

Nikaitazama ile mikia yangu minene kwenye sinia.

"Sasa nipe mkono wako. Sio huo. Huo mwingine."

Nikampa wa kushoto, kwa aibu, kama mtoto anayeonyesha kucha chafu.

"Kula, kula kwa kulia. Kumpa mtu, mpe kwa kulia. Hiyo ni adabu na sijaibadilisha. Lakini mimi nilikukataza sahani, sikukukataza kazi. Ulishaniona nakuzuia kufagia kwa kushoto? Zungusha kifuu kwa mkono unaojua njia."

Jua lilikuwa limeshainama, Alasiri imepita. Unga uliobaki ulikuwa unatosha sahani za mtaa kama hautaharibika hata kidogo. Usingetosha, mlango wa Bibi Zuwena usingetoa kitu kwa mara ya kwanza tangu awe bi harusi. Alijua, nilijua, na Mzee Maganga alijua, ndiyo maana alivuta kiti akakaa na koti lake, papai mapajani, hakutaka kuondoka.

Bibi akasogea karibu na karai akafumba macho. Alikuwa anasikiliza mafuta. "Bado," akasema. "Yanapiga kelele, yana hofu. Punguza mkaa." Nikapunguza. "Dondosha tone." Nikadondosha, likazama, likapanda juu polepole. "Bado." Tukangoja. Nikadondosha lingine, likagusa chini likapanda hapo hapo, limezungukwa na mapovu madogo. "Sasa. Usitazame kifuu, tazama mafuta. Mkono utakufuata."

Nikaachia kidole.

Sijui nikuelezeje, mwanangu. Umewahi kumwona mtu aliyekaa ugenini miaka akasikia ghafla anaongeleshwa kilugha chake? Mkono wangu wa kushoto ulikwenda hivyo. Duara la kwanza, la pili ndani yake, la tatu, nikaziba. Likasimama pale juu ya mafuta, limetulia, linabadilika rangi kama mahindi yanayokomaa. Nikaligeuza. Nikalitoa. Shira tulikuwa tumeshaitoa motoni, imebaki ya vuguvugu, ndipo tukatia asali. Asali ya Kigwa ukiichemsha umeinyanyasa, ukumbuke hilo. Nikaichovya ile zelabia, nikampa Mzee Maganga kwa mkono wa kulia.

Hakuila kwanza. Aliinyanyua juu kwenye mwanga akaizungusha.

"Hii imekwenda kinyume," akasema. "Za Gongoni zote zinazungukia huku. Hii inazungukia kule, kama treni inayorudi nyuma kuingia stesheni."

Bibi hakufumbua macho. "Sikukuita kutazama, Maganga. Nimekuita kuonja."

Akauma. Kach. Kila mtu uani aliisikia. Akala yote, akalamba vidole, akafuta sharubu pande zote mbili. Mwishowe akavua koti, akalitundika kwenye msumari wa ukutani.

"Lete nyingine," akasema. "Hukumu bado inaandikwa."

Nilikaanga mpaka unga ukaisha. Hakuna ulioharibika. Zile za kwanza mbaya tuliwapa kuku, nao walizila bila malalamiko, kuku hawana makuu. Zilipojaa sahani na makawa yamefunika, Bibi akaniita tena.

"Utapeleka mwenyewe. Na kila mlango utasema nani amepika."

"Bibi, si watajua wakifunua?"

"Hawatajua. Hawajawahi kuiona hii. Ndiyo maana utasema."

Nilitembea mtaa mzima na lile sinia. Mlango wa kwanza sauti haikutoka vizuri. Kwa Mama Rukia nilisema, "Nimepika mimi Hawa. Bibi amenifundisha, anawasalimu." Mama Rukia akafunua kawa, akatazama kwa muda. "Mbona zimegeuka hivi?" Nikamwambia mimi ni mashoto. Akasema, "Kumbe," akaita watoto wake waje kuona, na mimi nikasimama pale nikaona sitaki tena kukimbia. Mlango wa mwisho nilikuwa nalisema jina langu kama konda anayetangaza kituo.

Na sahani zikarudi. Sahani hairudi tupu, nayo ni desturi. Moja ilirudi na tende, nyingine na bagia za moto, ya Mama Rukia ilirudi na zelabia zake nene na salamu kwamba nisidhani nimemshinda. Adhana ikalia. Bibi alipiga bismillahi, akafungua kwa tende na maji, akanyoosha mkono wake unaotetemeka akachukua mwenyewe zelabia yangu. Sikumsaidia. Asali ilimdondokea kwenye mtandio, hakujali. Akaiweka kwanza sikioni akaivunja, akasikiliza, akala.

Mama alikuwa amerudi na nguo za watoto, amesimama mlangoni haelewi kitu. "Mama, umepika? Hizi ni za nani?"

Bibi akamaliza kutafuna. Hakuwa mtu wa kusema na chakula mdomoni.

"Za Hawa," akasema. "Zinakwenda kushoto. Zoea."

Kesho yake wadogo zangu walikwenda uwanjani, wakapanda pembea, wakarudi wanauliza kama zimebaki za nyumbani. Hazikubaki. Mzee Maganga alikuwa amepita asubuhi.

Sasa kifuu kile kiko juu ya mtungi wetu. Bibi haoni vizuri siku hizi, lakini mkimkalisha karibu na karai bado anajua mafuta yanasema nini. Ndoto zangu bado ni kumi kwa siku. Moja ni chumba kidogo karibu na stesheni, chenye dirisha la kioo, ili msafiri anayeshuka kwenye treni ashike zelabia iliyogeuka aulize, "Hii ya nani?", nami nimjibu. Hiyo nayo itakuja. Unga hauumuki kwa kutishwa.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, nimekuzungushia mbali ili uifikie mwenyewe. Kumpenda mkubwa wako sio kuvaa jina lake. Jifunze kwake kila kitu, jinsi ya kukoroga, jinsi ya kusikiliza mafuta, lini kupunguza mkaa. Halafu mkono uwe wako. Ukipika kibovu, kikubali kwa jina lako, usikitupie aliyelala. Ukipika kizuri, kitaje kwa jina lako vile vile, usione haya, maana kujivunia kazi ya mkono sio majivuno. Majivuno ni kujivunia ya mwenzio. Na mkubwa wako akichoka, usimfiche kama kosa. Mvutie kigoda, mkalishe karibu na moto, muulize.

Huwa naangalia unavyoshika kijiko, mara mkono huu, mara huu. Sijui bado wewe ni wa upande gani, na sitakuharakisha. Mungu akupe mkono unaojua njia, na sikio la kusikia kinapolia vizuri. Akupe jirani mkweli atakayevaa koti kuja kukupa pole ukikosea, na alivue ukipatia. Na kila sahani utakayoitoa mlangoni kwako, ikurudie imejaa.